Mstari wa Fransiska katika Shamba la Baba

Fransiska, mwaka umetimia tangu homa ya mapafu ilipokuchukua, na mabuti yako ya mvua bado yako nyuma ya mlango hapa Endagikot. Mama hataki yahamishwe.

Ulikuwa mtu wa mikono safi. Kule maabara ulitengeneza vipande vya RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, vyenye alama, ukaviweka juu ya majani na mizizi ya maharage iliyokatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu na kulazwa kwenye kioo. Pale ambapo jeni uliyoitafuta, ile ya kuzuia kuoza, inafanya kazi, kipande kilinasa na rangi ya zambarau ikatokea. Jasho la kidole kimoja, ulisema, linaharibu kazi ya wiki nzima. Hata nyumbani ulinawa mpaka mama akakutania kwamba utamaliza ngozi.

Ulitueleza pia habari za kioo cha pili. Kila kipande ulikitengenezea mwenzake wa kinyume, ambaye hapaswi kunasa popote. Kioo chake kikibaki cheupe, rangi ya kioo cha kwanza inaaminika. Kikipata rangi, bado hujui kitu.

Mwaka juzi kioo cha pili kikapata rangi. Baba Hhando alikuwa ameshalima nusu eka kwa ajili ya mbegu mpya ya maabara yenu iliyosemekana haiozi mizizi, na majirani ameshawaambia. Wakubwa wako wa kazi walitaka mbegu itolewe hivyo hivyo. Wewe ukasema kazi irudiwe, msimu ukapita, shamba likaota magugu.

"Umeniaibisha mbele ya watu," baba alikwambia. Tangu hapo, ulipopiga simu Jumapili na kusema "Shikamoo baba," aliitika "Marahaba" akampa mama simu. Ikawa hivyo mpaka ulipofariki. Jambo hili linatuuma sote, na yeye zaidi.

Miezi mitatu baada ya mazishi alikuja Onesphory, mwenzako wa maabara, na daftari lako mkononi. Alikuwa amerudia kila hatua kama ulivyoandika. Safari hii kioo cha pili kilibaki cheupe. Cha kwanza kilionyesha rangi kwenye majani, lakini kwenye mizizi hakuna. Mbegu ile ingeoza mizizi kama ya zamani tu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akatoka kwenda kwa ng'ombe, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Mtoto alikuwa sahihi, na mimi nikamnunia."

Msimu huu imekuja mbegu nyingine. Baba ameipanda, ila katikati ameweka mstari mmoja wa mbegu ya zamani. Jirani yetu Sulle alimuuliza kwa nini anapoteza udongo.

"Huo ni wa Fransiska," alimjibu. "Usipokuwepo huo wa kulinganishia, nitajidanganya."

Unakumbukwa na baba yako Hhando, mama yako Agatha, kaka yako Yohanes na mdogo wako Violeth. Mstari wako baba anaupalilia mwenyewe, hataki msaada. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.