Zamu za Kitanda cha Mama

Jumapili, 3 Machi 2013. Mahajanga.
Mama kavunjika nyonga. Amelazwa Andoany, kisiwani Nosy Be, mimi niko huku. Hospitalini lazima ndugu akae kitandani pake, na kule wapo wanawake saba wa kwetu. Nimewaandikia programu ya zamu kwa Python, lugha ya kompyuta! Kila mtu ni objekti: jina lake, siku zake za udhuru. Funksheni inagawa siku, SMS zinakwenda. Dada Charifa kanicheka: eti Kouraichia kamwekea mama mashine. (Naandika Kiswahili nilichosomea Zanzibar. Ofisini hakuna wa kukisoma.)

Jumanne, 5 Machi.
Asubuhi nafungua orodha — leo patupu! Mama mdogo Chaehoi alikuwa ametoa udhuru wa leo, ana msiba kisiwani Nosy Komba. Yeye peke yake. Programu ikawapa udhuru wote saba, hakuna aliyetumiwa ujumbe. Mama peke yake, hawezi hata kugeuka! Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena na tena. Mwishowe Charifa akapokea: wamejaa chumbani wanawake watano, na sufuria tano za wali. Hakuna aliyepata ujumbe, basi kila mmoja alikuja akihofia wenzake hawatakuja. Muuguzi kawafukuza watatu. Alhamdulillahi! Nimelia chooni, kisha nimecheka.

Jumatano, 6 Machi.
Kosa nimeliona. Kosa la mwanafunzi! Nilidhani kila objekti inapata orodha yake tupu ya udhuru. Kumbe orodha ni moja, niliiandika juu kabisa, na wote saba wanachovya humo. Kapu moja, mikono saba. Sasa kila mtu kapewa lake. Na funksheni ya zamu nimeitia adabu: inapokea majina, inarudisha orodha mpya, haigusi cha mtu. Watu wakumbuke yao, hesabu isikumbuke lolote. Nimeijaribu mara ishirini. Safi! Nimepumua.
Jioni simu ya Chaehoi. Mama anauliza, kwenye hiyo mashine siku ya Kouraichia ni ipi.
Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa ukikatika.

Alhamisi, 7 Machi.
Jina langu halikuwamo. Nimetunga programu nzima, sikujiweka. Mtegemea cha nduguye…
Nimeongeza mstari mmoja. Kouraichia, udhuru: tupu. Ikanipa Jumamosi, saa sita mchana. Bosi Saindou kaguna, kisha kasema nenda, mama ni mmoja. Naona aibu, na nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 9 Machi. Ankify.
Usiku kucha barabarani, mgongo hauna hali. Nosy Be naiona ng'ambo pale. Boti haiondoki mpaka ijae — bado wawili. Saa tano na robo. Charifa katuma ujumbe: mama kasukwa nywele, kawafukuza wote, anasema zamu hii ina mwenyewe. Yuko peke yake sasa! Nimemwambia nahodha nalipia viti vyote viwili, tuondoke. Anauliza kuna nini huko cha haraka hivyo. Nikamwambia: zamu yangu.