Ulikuwa Hai Mpaka Karaikudi

Baba Aline,

Habari za huko siulizi, nakupa za huku. Nimekaa jikoni, Alby ileile, ghorofa ya tano, lifti imeharibika tena. Koti lako la kazi bado linaning'inia pale mlangoni. Aline wako amemaliza shule. Ni mkunga. Nasema polepole uisikie vizuri: mkunga, mwenye cheti cha Sweden, mtoto wa dereva wa basi na wa mwanamke aliyeishia darasa la sita Bujumbura. Kanisani nimelisema mara moja tu. Haya, mara tatu. Kuna mama mmoja pale, binti yake anauza viatu mjini, akaniambia "Mungu ni mwema" kwa mdomo wa pembeni. Mimi nikatabasamu tu, na unajua tabasamu langu.

Lakini barua hii si ya kujisifu, ni ya kuungama. Mwaka huu nilikufufua. Nilitembea na wewe kusini mwa India wiki tatu nzima, uko hai kabisa, na aliyeubeba mzigo huo ni mtoto wetu.

Unazikumbuka Jumamosi zetu. Mtu umeendesha basi wiki nzima, na siku ya mapumziko bado unataka kupanda treni. Tunatoka Alby, tunakwenda hadi mwisho wa reli, leo Norsborg, wiki nyingine tunabadilisha treni hadi Hässelby, tunakaa kwenye benchi na chupa ya chai kutazama watu wa huko wanaishije. Ulikuwa ukimsalimia kila anayepita. Wanaojibu ni mbwa. Ukasema, "Mama Aline, mbwa anataka maongezi, tatizo ni aliyeshika kamba."

Ulipoondoka, mchungaji ndiye aliyetangaza. Aline ndiye aliyepiga simu kwenye maofisi, kwa kile Kiswidi chake kisicho na doa, akawaambia mmoja mmoja. Mimi nilikaa katikati ya wanawake nikapokea pole. Mdomo wangu haukuwahi kuisema sentensi ile. Kazini hawakuuliza, nami nikaendelea kupangusa meza zao. Na Jumamosi nikipanda treni peke yangu, naliweka begi kwenye kiti cha dirishani, kiti chako. Mtu akiuliza kama pako wazi, nasema hapana, pana mtu. Siku moja Aline alikuwepo akanisikia. Alilitazama begi, akainamisha kichwa.

Basi akaenda India, mji unaitwa Madurai, kufanya mazoezi ya ukunga hospitalini miezi mitatu. Alikuwa ananipigia kwa kompyuta, sura inakatika katika, ananiambia amepokea watoto wangapi. Alipomaliza akasema mama njoo. Nikaenda. Alinipokea Chennai, akasema kutoka hapa kuna ndege, saa moja tu tumefika. Nikamwambia baba yako angenuna siku mbili. Sisi tunakwenda kwa basi, na siyo lile la haraka.

Kwenye basi la kwanza nilikaa nyuma ya dereva nimkague kwa niaba yako. Baba Aline, mbele ya kioo amening'iniza ndimu na pilipili, picha ya mungu wake ameivika shada la maua mabichi, honi haiachi, na breki anaikanyaga kama anaua nyoka. Lakini njia anaijua. Ng'ombe, baiskeli, mikokoteni ya miwa, wote aliwapita bila kumgusa hata mmoja. Tuliposimama watu wanywe chai, akaona namtazama, akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia Aline, mwambie mume wangu ni dereva wa basi Stockholm, miaka kumi na minne kwenye theluji, hajagonga hata kigingi.

Ni dereva. Nilisema "ni". Sikupanga, nakuapia. Majivuno yalitangulia, ukweli ukabaki nyuma. Aline akanitazama kidogo, kisha akamtafsiria kama nilivyosema. Yule dereva akacheka: mlete, nitampa usukani hadi Thanjavur.

Nikajisikia vizuri, usinilaumu. Nilipanda tena basi nikiwa mke wa mtu.

Na kule watu wanauliza. Ungefurahi mpaka ulie. Unakaa tu, hujapumua, mama wa kiti cha pili ameshafungua kopo lake, amekuwekea mkononi wali wa mtindi, halafu ndiyo anauliza jina. Mmoja alihesabu misuko yangu, akapotea katikati, akaanza upya, basi zima linamsaidia. Wanauliza mshahara, wanauliza dhahabu yako iko wapi, wanauliza kwa nini una mtoto mmoja. Ukiwajibu wanayumbisha kichwa, kama chungu juu ya kata, siyo ndiyo wala siyo hapana. Siku ya nne mimi mwenyewe nayumbisha.

Nami mke wako niliuliza, hukuwahi kunikataza. Asubuhi kila mlango una mchoro chini, wa unga wa mchele, maua na vitone vimepangwa utadhani kitambaa, na ikifika saa nne watu na kuku wameshaukanyaga wote. Mimi mtu wa usafi nikasimama, nikauliza, sasa faida yake nini? Mwanamke akajibu, sisimizi nao wale. Na kesho anachora mwingine. Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi nikisukuma ndoo yangu.

Hata neno lao nilijifunza. Mwuza chai, sukari ikimwishia, anasema "illai". Basi limeshaondoka, "illai". Maana yake hakuna, hayupo. Nililishika haraka kwa sababu kila kibanda wanalisema.

Sasa, baada ya watoto, swali linalofuata siku zote ni mume. Mume yuko wapi? Kumbakonam ulikuwa kazini. Thanjavur ulikuwa na mafua. Kwa walimu wawili tuliokaa nao kituoni ulikuwa unakuja wiki ijayo, unamalizia kununua zawadi. Wanawake wakisikia hivyo wananichomekea asumini kichwani, maua ya kufungwa kwa uzi, yananukia mpaka usingizini. Niliona ni ukarimu tu. Na maneno yote yale, Baba Aline, mimi Kiingereza sina. Aliyeyasema kwa mdomo wake ni Aline.

Tukiwa njiani kwenda Karaikudi akafunga dirisha la basi, akaniambia kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo: "Mamma, jag orkar inte." Maana yake nguvu zimekwisha. Kisha akahamia Kiswahili, na wewe unajua mtoto huyu hahamii Kiswahili bure. "Baba alikufa mara moja. Wewe unataka nimfufue kila kituo. Ukiulizwa tena, jibu mwenyewe."

Nikamwambia wewe ni mtoto, hujui. Nikageuka kuangalia miwa.

Karaikudi tulikwenda kwa mwanamke anaitwa Selvi, mwalimu. Binti yake alizaa kule Madurai, na mikono iliyompokea mtoto ni mikono ya Aline. Ndiyo maana tukaalikwa karamu ya kumpa mtoto jina. Walimshika Aline mikono kama askofu. Nilikaa pembeni nikinenepa.

Nyumba hiyo ina bibi kizee, mama mkwe wa Selvi, wote wanamwita Paati, yaani bibi. Jioni kabla ya karamu alikuwa chini sebuleni anafunga asumini, vidole vinakimbia, uzi anaukata kwa meno, na yamebaki mawili tu. Maua anafunga yeye, lakini kichwani kwake halikuwepo hata moja. Nikamwuliza Selvi kwa kupitia Aline, kwa nini yeye havai? Selvi akasema huyu ni mjane, wazee wa kule wakifiwa na mume hawavai tena. Kisha naye akauliza: wako yuko salama?

Aline akanitafsiria, akainuka, akatoka nje. Nikabaki peke yangu na macho yao yote. Nikayumbisha kichwa kama wao, wakaelewa walivyotaka. Paati akakata kipande kirefu kuliko vyote, akanifunga kichwani kwa mkono wake.

Ile asumini ilikuwa nzito, Baba Aline. Sijui nikuelezeje. Maua hayana uzito.

Kesho yake tukakaa chini kwa mstari, tukawekewa majani ya mgomba badala ya sahani. Selvi akataka kunionyesha linavyotumika. Nikamwambia Aline, mwambie mtu wa Burundi hafundishwi jani la mgomba, sisi tumezaliwa chini yake. Nikala kwa mkono, nikamaliza kila kitu, wakanisifu. Kisha nikalikunja jani langu. Nililikunja kwa kulisukuma mbele, kama ninavyokunja mfuko wa taka kazini, uchafu uende mbali na nguo.

Mjomba wa mtoto akaacha kutafuna. Nikatazama majani ya wenzangu: yote yamekunjwa kuja upande wa mlaji. Langu peke yake limekwenda mbele. Selvi akasema polepole, na Aline akanigeuzia: kwao jani likikunjwa hivyo ni msibani. Ni kusema chakula cha namna hii kisitukute tena. Na hapa mtoto ana siku arobaini.

Nilitaka ardhi inimeze. Paati akaniangalia, hakukasirika, alikuwa anataka kujua tu, kama wewe ulivyokuwa. Akauliza neno, Selvi akalitafsiri, likamfikia Aline. Aline akaniambia, "Anauliza nani wenu amekufa." Akanitazama, mikono juu ya magoti, kama siku ile ya kwanza alipokuwa anangoja nimwachie mkono mlangoni pa shule.

Nikajua kwamba nikisema tena uko nyumbani, wewe nitabaki nawe na mtoto nitampoteza.

Kiingereza neno la mume nalijua, nimeulizwa kila kituo. Nikasema, "Hazbendi illai."

Nilikuwa sijalisema kwa lugha yoyote, Baba Aline. Nililisema kwa vipande viwili vya kuokota. Lilikuwa fupi. Halafu nikalia, siyo sana, kiasi.

Nikanyanyua mkono niitoe asumini, nikasema Aline awaambie nimewadanganya. Paati akaushusha mkono wangu. Akachukua jani langu, akalikunjua, akaninyooshea makunyanzi kwa kiganja, akaagiza nimiminiwe uji mtamu wa maziwa juu yake. Kula tena, akanionyesha, kisha kunja upande wako, mtoto aone. Nikala. Nikakunja upande wangu. Mjomba akarudi kutafuna.

Na baada ya hapo waliuliza mpaka jua likashuka. Ulikuwa unakula nini, ulikuwa unacheka vipi, theluji basi linasimamaje. Nikawaambia mpaka ya mbwa na kamba, Paati akacheka mpaka yale meno mawili nikayaona yote. Aline alitafsiri kila kitu bila kuchoka, machozi yanamdondoka kwenye gauni lake zuri, na mara mbili aliongeza ya kwake mwenyewe ambayo mimi nilikuwa siyajui. Kumbe ulimfundisha kuendesha kwenye maegesho ya Hallunda akiwa na miaka kumi na tano. Hilo tutaliongea.

Asubuhi ya kuondoka Paati alikuwa anafunga tena. Kipande changu hakunifunga kichwani, alinipa mkononi, nijiamulie. Nikakikata vipande vitatu. Kimoja nikamchomekea Aline, kimoja nikajichomekea mimi, maana mila za wazee wa Karaikudi ni zao, na wewe ulipenda nikinukia. Cha tatu nikampa yeye. Akashtuka, akaziba mdomo, akatazama mlangoni watu wasimwone. Akakinusa muda mrefu. Kisha akakisokomeza kwenye mkunjo wa sari kiunoni, akapiga pale kwa kiganja, akaendelea na uzi wake.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Hässelby na chupa ya chai. Treni ilijaa. Begi liko kwenye kiti chako, mkono uliliweka wenyewe kwa mazoea. Akaja bibi mmoja wa Kiswidi na mbwa wake, akauliza, kama wanavyouliza, pako wazi? Nikalipakata begi. Nikasema kwa Kiswidi changu hikihiki cha ndoo na ufagio: pako wazi. Mume wangu alikuwa akikaa hapo. Amekufa. Alikuwa dereva wa basi, hajagonga hata kigingi.

Nilidhani atageukia dirisha. Akakaa. Akamvuta mbwa wake karibu, akauliza, basi namba ngapi? Tuliongea mpaka mwisho wa reli, Baba Aline. Kumbe aliyeshika kamba naye anataka maongezi.

Basi nakuaga, na safari hii nakuaga kwa mdomo wangu. Koti nimemwambia Aline alichukue, mikono itakuwa mirefu, atakunja. Nakuahidi mambo mawili. Akiuliza mtu yeyote, nitamjibu mimi, mtoto simtumi tena. Na reli zote nitazimaliza, nimsalimie kwa niaba yako kila uliyemsalimia asijibu.

Kiti chako nimewaachia watu. Begi nitalipakata.

Mama Aline