Akiita Mwanangu

Dada yangu Mwende,

Natumai Nakuru haijakunenepesha sana. Nakuandikia nikiwa kazini wakati wa chakula cha mchana, maana nyumbani Mama angesikia kalamu ikikwaruza na kuuliza namwandikia nani.

Unakumbuka tulivyomtunza alipopoteza macho? Vyumba viwili pale Makadara, yeye mlangoni akichambua ndengu kwa vidole, mawe akiwatupia kuku wa jirani. Hakuita Mwende wala Ndinda. Aliita tu "Mwanangu!" na aliye zamu akaitika. Wewe mkubwa ndiye uliyeshika zamu, na kila baada ya muda mfupi ulisema "Nipo," hata mikono ikiwa kwenye karai la nguo. Mimi nilikuwa chumba cha pili na vitabu vyangu, sikio nje. Ile "Nipo" ikikosekana mara tatu, niliacha kitabu nikatoka. Mama hakuwahi kuita akakosa mtu.

Usicheke, lakini hiyo ndiyo kazi ninayofanya siku hizi. Ofisini kwetu Industrial Area tuna ruta mbili, mashine zinazopitisha mawasiliano ya kompyuta zetu kwenda nje. Kompyuta zinaita anwani moja tu. Ruta kubwa ndiyo inayoitika, na kila sekunde inatangaza kwamba ipo. Ikinyamaza, ndogo inashika nafasi, na hakuna anayehisi kitu. Utaratibu huo umeandikwa katika kanuni ya wataalamu wa mitandao, na sasa wanairekebisha. Bosi ameniachia niandike maoni yetu, yatumwe kwa barua pepe.

Nilikuwa na la kusema. Mwezi uliopita ruta kubwa ilizimika, ikawaka tena, na papo hapo ikadai nafasi yake kabla haijajifunza njia zilizobadilika. Kila ujumbe uliopitia humo ulipotea. Nikaandika: anayerudi asikilize kwanza, ajue njia, ndipo ashike zamu. Nilijiona mjanja kweli. Nikakuwaza wewe, nikasema, hapo umepatikana, dada.

Maana ndivyo ulivyorudi wakati wa zile mvua za El Niño, baada ya kutuacha miaka miwili ukiwa Nakuru. Hata begi hukulitua. Nilikuwa nimemshika Mama mkono tukishuka ngazi za nje kwenda bafuni.

"Leta mathe hapa, mi ndio mkubwa," ukasema, ukamshika mkono wa pili.

"Umefika saa hii na unataka kunionyesha vile anatembea?"

Mama akaita, "Mwanangu!" Tukaitika wote wawili, kila mmoja upande wake, kila mmoja akivuta.

"Niende wapi sasa?" akauliza.

Kisha akateleza, na mkono ukavunjika. Jumatatu uliondoka, nami nikaapa kwamba kosa ni lako.

Lakini juzi nilipoirudia kanuni nione maoni yangu yataingia wapi, nilikutana na sehemu niliyokuwa nimeiruka: mdogo akisikia sauti ya mkubwa, anyamaze. Ile ruta yetu ndogo haijawahi kubisha hata siku moja. Mimi nilibisha. Nisamehe, Mwende. Niliogopa kwamba ukishika zamu, nitakuwa si kitu tena katika nyumba ile. Ulikuja na hamu ya mama yako, nikakufanya mgeni.

Mama Halima wa mlango wa pili alikataa kuingilia. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema, akaenda zake. Siku hizi ananiuliza kama aanze kutafuta kapu la kuvunia. Nimemwambia atafute kubwa.

Maoni nimeyatuma leo asubuhi. Sijui kama wataalamu watayakubali, ila sisi wawili tunaweza kuanza. Mkono wa Mama umepona, umepinda kidogo tu, na ndengu anachambua kwa kasi ileile. Jana aliuliza, "Yule mwingine anakuja lini?" Njoo Pasaka. Kaa siku mbili ukisikiliza, maana sasa anatembelea fimbo, dawa zimebadilika, na chai haitaki na sukari. Nitakuonyesha kila kitu.

Asubuhi ya tatu, akiita "Mwanangu!", mimi nitakuwa chumba cha pili, nimefumba mdomo. Itika wewe.

Nipo,
Mdogo wako