Bereti ya Bakari

Bakari, sahibu yangu,

Naandika nikiwa kitandani, utanisamehe mwandiko. Daktari ameacha kuniambia nirudi lini, ananiambia nipumzike tu. Nimemwelewa.

Siku ya tatu ya matanga yako kikosi chetu cha akiba kilikuja kwako Chumbageni. Nilidhani wamekuja kusoma dua. Wazee wenzetu, tuliolala nao mahandakini, wakamwambia mkeo Mwanaisha atoe bereti, beji na mkanda wako, kwamba ni mali ya kikosi. Akatoa. Hata ile bizimu ya shaba uliyoisugua kwa majivu na ndimu wakaibeba.

Alipotoka eda nilimpelekea bereti yangu, nikidhani itamliwaza. Aliigeuza mkononi, akanirudishia. "Shemeji, hiki si kichwa cha Bakari."

Alisema kweli. Nakuona, kuruta mwembamba, umeketi juani na bereti mbichi kichwani, unaivuta upande mpaka ikauke na kushika umbo lako. Tulikucheka: "Mwacheni, anaatamia!"

Basi nikaifuata yako. Nikaikuta kichwani mwa muuza saruji, eti mwanachama wa heshima. Hajawahi kubeba hata rungu. Imemkaa kama chapati. Nilipoidai, mwenyekiti wa kikosi akacheka. "Salehe, kofia ni kofia. Lete yako uchukue hiyo. Ila asiye na sare hayumo kikosini."

Alijua anachosema. Asiyemo kikosini hapigiwi saluti kaburini.

Nikaivua yangu palepale.

Usinishukuru. Nakiri kwako, maana huku hakuna wa kumwambia: sikufanya kwa mapenzi, nilifanya kwa hasira, na hasira ilipopoa nikajuta. Naitaka ile saluti, Bakari. Tangu ujana naitaka. Wewe ulipigiwa, nami nilikuwa mstarini nikikuonea wivu huku nalia. Mwanaisha ameipokea bereti yako, ameiweka kifuani. Nilipaswa kufurahi. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mdomoni, na wewe pia nimekukasirikia, kwa kutangulia.

Kwaheri, sahibu. Mungu akulaze pema. Naahidi jambo moja tu: sitawaomba wanirudishe kikosini. Nimeshawaagiza wanangu, kikosi kikija kunizika, wawaambie wavue sare mlangoni, wabebe jeneza kama watu wengine.

Wako,
Salehe