Arobaini ya Mabruki

Kambi ya tumbaku, Urambo
15 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umepunguza kuuma. Mimi sijambo, ila moshi wa kukaushia tumbaku unanitoa machozi. Huku hakuna mtandao, ndiyo maana nimempa barua kondakta wa basi.

Jumatatu niliwapandisha Kabula na mwanetu gari la kuja huko Kigwa. Wiki sita za chumba cha joto zimekwisha, alhamdulillahi. Nesi alisema makuzi yake tuyahesabu kuanzia tarehe 20 Machi, siku aliyopaswa kuzaliwa, tusimlinganishe na wenzake. Na Alhamisi tarehe 22 arudishwe Tabora. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwezi, na macho ya watoto njiti huweza kuharibika kimyakimya. Asikose.

Mwanao,
Nassibu

Kigwa
21 Februari 2024

Mwanangu Nassibu,

Marahaba, baba. Mguu ni uleule, uzee hauna kliniki. Mabruki ananyonya mpaka anasinzia. Hilo jina la njiti sitaki kulisikia, mjukuu wangu si wa kuwashia moto.

Kuhusu kesho, usihangaike. Umeandika mwenyewe kwamba umri wake unaanza Machi. Basi huyu hata kuzaliwa bado, na chumba changu ndilo tumbo lake. Arobaini yake itaisha mwisho wa Aprili, ndipo atatolewa nje. Kabula alitaka kwenda, akalia kidogo, nikamwambia kawia ufike. Nimelea saba mimi. Macho yake ni mazuri, meusi kama yako.

Mama yako,
Bi Tatu

Tabora
29 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia mwezi huu ukiwa unakwisha, nikaacha kazi siku ileile. Ulinuna nilipomtoa mtoto ndani, nami sikukueleza kitu kwa sababu nilikuwa bado na tumaini.

Jana daktari alimwangalia muda mrefu. Akasema, "Mngekuja mwezi uliopita tungeyaokoa." Pazia la ndani limebanduka, macho yote mawili. Mabruki hataona.

Nilimweleza habari ya arobaini. Akasema hesabu ya Machi ni ya kukaa na kutambaa, macho huhesabiwa tangu siku aliyotoka tumboni. Nina hasira na wewe, mama, na nina hasira na mkono wangu ulioandika tarehe mbili kwenye karatasi moja bila kuzitenganisha. Kabula anakwenda kwao Puge na mtoto. Sijamzuia.

Nassibu

Kigwa
14 Septemba 2024

Mwanangu Nassibu,

Hujambo, baba? Hii ni barua ya tatu, mbili hukuzijibu. Sikulaumu.

Juzi nilikwenda Puge. Kabula alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti na maji. Humpeleka mtoto kliniki kila anapoitwa, hakosi, na sasa anafundishwa kumzoesha vitu kwa kuvishika. Nilimwomba radhi. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Nilikuwa nimejiandaa Mabruki anikatae. Nilikohoa tu mlangoni, akanyamaza, akageuza kichwa. Nilipomsalimia akanyoosha mikono yote miwili kunitafuta, huku anacheka. Miongoni mwa waliokuwemo mle ndani ni yeye peke yake aliyefurahi kuniona nimekuja, Nassibu, nami nilishindwa kumpokea.

Niandikie, hata kama ni kunifokea.

Mama yako