Kwa Baba, Uliyeondoka Hujaokoka

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini sijui kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia.

Nimekuja Bagamoyo tangu juzi kumtazama Mama, na sasa nimekaa kibarazani kwenu. Yeye yupo uani anachagua mchele. Hajambo, ila amepungua mwili, na siku hizi anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu. Kuna jambo lilitokea kanisani jana, na sina wa kumwambia zaidi yako.

Kabla sijakuambia, niache nikumbuke kidogo.

Nilikuwa darasa la pili kaka Eliudi alipougua. Wakati huo ulikuwa mzee wa kanisa, na wewe ndiye uliyetufundisha kupiga magoti kabla ya kulala. Malaria ilimpanda kichwani. Mama alikuwa naye hospitali, wewe ulikuwa kanisani umefunga, huli wala hunywi, na mimi nililala kwa jirani yetu Mzee Kondo, kwa sababu hapakuwa na mtu nyumbani. Ulirudi kutoka kanisani ukiwa na hakika kwamba umesikilizwa. Ukakuta msiba.

Watu walikuja wakakuambia ni mapenzi ya Mungu. Uliwasikiliza wote, ukawashukuru kwa kuja. Jumapili iliyofuata Mama alikwisha kuvaa na mimi nimekwisha kupakwa mafuta, tukakukuta hapa kibarazani umevaa shati la nyumbani, unafungua pangaboi bovu. Mama alisimama akakungoja. Ukamwambia bila kuinua kichwa, "Nendeni tu, Mama Eliudi."

Tulikwenda wawili. Tukaendelea kwenda wawili mpaka nilipoolewa Mapinga.

Hukuwahi kutukataza. Hukumsema Mungu vibaya mbele yetu hata siku moja. Mezani Mama alipoombea chakula, kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale, "Na umkumbuke baba yao." Ulikaa umefumbua macho, mikono juu ya magoti. Hukuitikia amina, lakini pia hukugusa chakula kabla haijasemwa. Mimi nilikuwa nakuchungulia kati ya vidole, nikitafuta dalili yoyote usoni mwako.

Nilipookoka nikiwa sekondari, nilikuja na moto. Unakumbuka vijitabu nilivyokuwekea mfukoni mwa ovaroli, ukaenda navyo mpaka kazini kwako, chuo cha uvuvi Mbegani, vikajaa grisi ya injini za boti ulizokuwa ukitengeneza? Nilisali kwa sauti chumbani nikitaja jina lako, nikikuombea utoke gizani. Jioni moja uliniita, ukanikalisha karibu yako. Ukasema, "Mwanangu, niombee. Lakini usiniombee nikiwa nasikia. Inakuwa kama mnanisema."

Tangu siku hiyo nilikuombea kimya.

Mzee Kondo naye alikuwa akikutania kwamba kama kanisa limekushinda, msikiti uko jirani. Ulimjibu kwamba ukienda huko Mama Eliudi atalia mara ya pili, na wewe huwezi kumliza mwanamke huyo zaidi ya alivyokwisha kulia. Mlicheka. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo, na sikucheka.

Halafu figo zikaanza kukusumbua. Tulizoea safari za Dar, tukazoea kurudi umechoka hutaki kuongea. Mchungaji alikuja kukuona. Alikaa pale pembeni ya kitanda chako akakusihi kwa upole kabisa, akisema ni neno moja tu, ukubali moyoni na useme kwa kinywa chako. Mama alikuwa mlangoni ameshika kitasa. Ukamjibu, "Mchungaji, nimekuelewa. Lakini nikisema leo nitakuwa nimesema kwa hofu. Huyo Mungu wako sidhani kama anataka nimdanganye."

Mchungaji hakukasirika. Alikushika mkono, akatoka ameinamisha kichwa, na wewe ukanituma nimchumie mapapai aende nayo nyumbani. Mama alikwenda jikoni. Alipika chakula kingi sana siku ile, kama tuna wageni.

Baba, kuna mchana mmoja ambao sijaacha kuufikiria. Nilikuwa nakunyoa ndevu. Ulikuwa umefumba macho, nikadhani umesinzia. Ukaniuliza, "Ukiniombea, huwa unasema nini?"

Nikakuambia naomba uokoke, ili tuje tukutane.

"Tukutane wapi?"

"Mbinguni, Baba."

Povu likakukaukia shavuni. Kisha ukauliza, "Na Eliudi yuko huko?"

Nikasema yuko.

"Basi endelea kuomba."

Nikamalizia kukunyoa. Ulifariki wiki hiyohiyo, Mama akiwa amekushika miguu.

Nilimweleza mchungaji maneno yako. Nilitaka aniambie kwamba yanatosha. Alinisikiliza, machozi yakamlengalenga, akasema hawezi kuyaita ungamo, wala hawezi kusema Mungu hakuyasikia. Kwa utaratibu wa kanisa hakuweza kuongoza ibada ya mazishi yako. Alikuja amevaa shati la kawaida, akakaa na majirani. Baba mdogo alitoka Same, akasoma zaburi na kuomba. Mzee Kondo na wenzake wa msikitini ndio waliochimba kaburi, na walipomaliza kulifukia, alisimama pembeni akakuombea dua kwa sauti ndogo. Kwa hiyo kila mtu alikuombea kwa namna yake, Baba, na bado nilirudi nyumbani nikiwa sijui uko wapi.

Hilo ndilo linaloniuma. Watu hunipa pole ya kufiwa, na mimi naipokea, lakini hakuna pole ya hili. Nikiimba juu ya kuonana tena ng'ambo, sauti hunikatika mahali palepale. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba mtu akishafariki, maombi kwa ajili yake yamefika mwisho. Nami nafundisha hivyo hivyo watoto wa shule ya Jumapili.

Sasa ya jana. Mchungaji alitangaza maombi kwa ajili ya ndugu zetu wasiookoka. Akasema kila mwenye mtu wa namna hiyo nyumbani kwake anyooshe mkono, tumtaje mtu huyo mioyoni. Mikono ilikuwa mingi. Mimi sikunyoosha wangu; nilikuwa natazama sakafu. Nikasikia benchi limelia. Mama alikuwa amesimama kabisa, mkono juu, kitenge kimemteleza begani.

Kanisa zima linajua kwamba Mama hana tena mtu nyumbani kwake. Mwanamke wa nyuma yetu alimgusa mgongoni kumkalisha, na Mama hakukaa. Mchungaji alimwona. Nilimtazama, nikingoja aseme neno la kumrekebisha kwa upole, kama alivyo. Hakusema. Alifumba macho, akaomba, na aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Nikasimama karibu na Mama, nikanyoosha wangu.

Pumzika, Baba, popote ulipo.

Binti yako.