Kitambaa cha Macho na Bwana Harusi Wangu

Na lile swali lako, Nakundwa, kama mapenzi yamenifunga kidoto uzeeni, limenichekesha mpaka babu yako mpya akaacha kumenya ndizi. Hatujambo, maharage yamechanua.

Kidoto ni kitambaa cha kumfunika ngamia macho anapozungusha kinu cha mafuta huko pwani, asipate kizunguzungu. Zaidi ya hapo sijui neno lilikotoka. Huku Gonja nilikiona usichanani. Ng'ombe aliyetoka Same aligoma kuvuka daraja la magogo. Eliamini, huyuhuyu niliyefunga naye ndoa, akamfunga macho kwa kanga yangu.

"Si umbebe tu!" wenzake wakamtania.

Akatangulia akimsemesha polepole. Ng'ombe hakuliona daraja, ila sauti ile alikuwa ameizoea njia nzima, akavuka.

Najua unahofu nitaumia, mjukuu wangu. Lakini sauti hiyo nami nimeisikia miaka yote kwenye kwaya, hata siku tulipomzika marehemu babu yako. Sasa inaniita, "Mke wangu, chai!" na moyo unaruka!

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwako Dodoma. Mwamkie Eliamini, kisha muulize lolote linalokusumbua.